Jua Haki Zako: Sifa za Gari na Ada ya Bima

Ada ya bima ya gari nchini Tanzania hutegemea kwanza aina ya bima. Bima ndogo, ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inailazimisha kwa gari linalotumika barabarani, humkinga mtu wa tatu, yaani mpita njia, mwendesha baiskeli au mwingine anayeumizwa au kuuawa na gari hilo. Uharibifu wa gari la mwenye bima haumo. Bima kubwa hukinga hayo yote, na juu yake hulilinda gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi.

Katika bima ndogo, bei ya gari haina uzito. Kinachoangaliwa ni matumizi na ukubwa: gari ni la binafsi au la biashara, lori linabeba tani ngapi, basi au daladala lina viti vingapi. Viwango vya chini husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kwa hiyo wakala anayeuza stika ya bima kwa bei ya kutupa anapaswa kutiliwa shaka. Mwananchi anaweza kuhakiki bima yake kwa namba ya gari kupitia mfumo wa kielektroniki wa TIRA, na ni vyema afanye hivyo kabla gari halijaondoka nyumbani. Stika bandia haimlindi mtu yeyote siku ya ajali.

Katika bima kubwa, thamani ya gari ndiyo msingi wa hesabu. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, gari la shilingi milioni 20 hutozwa 700,000 kwa mwaka, kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Thamani inayotakiwa ni bei ya soko ya gari lilivyo sasa, wala si ile iliyolipwa miaka mitano iliyopita. Wapo wanaoishusha ili ada ipungue, na hapo ndipo wengi huumia. Mikataba mingi ina kanuni ya uwiano: gari la milioni 20 likikatiwa bima ya milioni 10, hasara ya milioni 4 inaweza kulipwa milioni 2 tu, kwa sababu mwenye gari alilipia nusu ya thamani. Kuipandisha nako hakuna faida, kwani fidia haizidi hasara halisi.

Baada ya thamani huja upatikanaji wa spea na gharama ya ufundi. Toyota IST ina spea tele, mpya na za mitumba, katika maduka ya Kariakoo, na mafundi wanaoijua wako kila mtaa. Gari ambalo taa yake moja lazima iagizwe ng'ambo huipa kampuni ya bima hesabu nyingine kabisa. Umri nao una nafasi yake. Gari kuukuu lina thamani ndogo, lakini kampuni inaweza kutaka likaguliwe kwanza, iongeze masharti, au ikatae kulikatia bima kubwa na kukubali bima ndogo pekee.

Vifaa vya usalama vina pande mbili. King'ora, kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti na mfumo wa kuzuia injini kuwashwa bila ufunguo wake hupunguza hatari ya wizi. Mifuko ya hewa na breki zisizofunga magurudumu hupunguza madhara ya ajali. Lakini kamera na vihisi vilivyomo ndani ya bampa hufanya mgongano mdogo ugharimu fedha nyingi. Punguzo kwa ajili ya vifaa vya usalama halijileti lenyewe. Mwenye gari ana haki ya kuuliza kama lipo, na likikubaliwa liandikwe kwenye mkataba.

Mabadiliko yanayofanywa baada ya bima kukatwa yanahitaji uangalifu zaidi. Kufunga mfumo wa gesi asilia, kubadili injini au bodi, au kuweka redio ya gharama kubwa ni mambo ya kuiarifu kampuni kwa maandishi. Vivyo hivyo gari la binafsi linapoanza kubeba abiria wa kulipa, hata kwa kuitwa kwa simu mwisho wa wiki tu. Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu kamili, na jambo zito lililofichwa laweza kuwa sababu ya kunyimwa fidia, hata kama ada ililipwa yote.

Uaminifu huo unazibana pande zote mbili. Mwombaji asitie saini fomu tupu ili wakala aijaze baadaye, kwa kuwa majibu yatakayoandikwa humo yatahesabiwa kuwa yake. Anastahili kuelezwa ada imefikiwaje, kiasi atakachochangia mwenyewe kila anapodai, na mambo yasiyolipwa. Adai risiti na nakala ya mkataba mzima, maana stika peke yake haielezi masharti.

Dai likikataliwa au fidia ikipunguzwa kwa sababu ya sifa ya gari, mwenye bima aombe sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha mkataba kilichotumika. Barua, picha za gari, ripoti ya ukaguzi na taarifa ya polisi zihifadhiwe. Malalamiko huanzia kwenye kampuni yenyewe. Yasipotatuliwa, hupelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake ipo chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mahakama nayo iko wazi kwa asiyeridhika.