Nani Anausogeza Mkokoteni?

Mkokoteni mtupu una kilo 50. Umepakiwa magunia matatu ya mchele, kila gunia kilo 50, kwa hiyo jumla ni kilo 200. Umesimama kwenye lami tambarare, Kariakoo au Kongowea, na kijana mwenye kilo 70 anashika mpini ausukume. Akisukuma, unakwenda. Akiacha, unapunguza mwendo kisha unasimama. Kila aliyekulia mjini ameliona jambo hili tangu utotoni, na limempa somo ambalo hakuna mwalimu aliyemfundisha: kitu hakiendi ila kiwe kinasukumwa.

Somo hilo lina heshima yake. Aristotle alilishika katika karne ya 4 kabla ya Kristo, na kwa karibu miaka 2,000 wasomi wengi wa Mashariki na Magharibi walifikiri ndani yake. Wapo waliolitilia shaka. Philoponus wa Alexandria katika karne ya 6, na Ibn Sina katika karne ya 11, walitaka kujua mshale ukishaachana na upinde unasukumwa na nini. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeamini kwamba mwendo unahitaji msukumo wa kudumu hastahili kuchekwa. Anastahili kuonyeshwa, polepole, kile ambacho macho yake yamekipita bila kukihesabu.

Kitu hicho ni barabara. Kijana anapoachia mpini, mkokoteni haujaachwa peke yake. Tairi zinabonyea na kukwaruzana na lami, ekseli inasuguana na beringi, na vyote hivyo vinauvuta nyuma. Unaweza kulipima jambo hili mwenyewe. Jaza tairi upepo, paka beringi grisi, kisha usukume mkokoteni kama mwanzo na uuachie. Utakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Upeleke kwenye mchanga na utasimama papo hapo. Kama kusimama kungekuwa tabia ya mkokoteni wenyewe, grisi isingebadilisha chochote.

Galileo aliifuata hoja hii hadi mwisho wake. Mpira ukiteremka mteremko laini na kupanda mteremko wa pili, hupanda karibu hadi kimo kilekile ulikoanzia. Ulaze kidogo mteremko wa pili, nao utalazimika kwenda mbali zaidi ili ufikie kimo hicho. Ulaze zaidi, utakwenda mbali zaidi. Sasa ulaze kabisa uwe tambarare, bila msuguano wowote. Mpira utasimama wapi? Hakuna mahali pa kusimama. Mawazo haya yamo katika maandishi ya Galileo ya miaka ya 1630, na Isaac Newton aliyaweka kuwa kanuni ya kwanza ya mwendo katika kitabu chake cha 1687: kitu kilichotulia huendelea kutulia, na kilicho mwendoni huendelea kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje ibadilishe hali hiyo.

Abiria wa daladala wanaijua kanuni hii kwa miili yao. Dereva akikanyaga breki ghafla, waliosimama wote wanainama mbele, na kila mmoja anasema ametupwa. Hakuna kani iliyowatupa. Breki zimelizuia gari, sakafu imeizuia miguu kwa msuguano, lakini kiwiliwili kimeendelea na mwendo kiliokuwa nao. Mkanda wa kiti hufanya kazi hiyo moja: humpa abiria kani ya kumrudisha nyuma, ambayo vinginevyo angepewa na kioo cha mbele.

Basi swali limebadilika. Hatuulizi tena kinachofanya kitu kiendelee kwenda. Tunauliza kinachobadilisha mwendo wake, na kwa kiasi gani. Jibu ni kanuni ya pili: jumla ya kani zote zinazokigusa au kukivuta kitu ni sawa na tungamo lake mara mchapuko wake. Tungamo ni kiasi cha ukaidi wa kitu kubadilishwa mwendo, nalo hupimwa kwa kilo. Mchapuko ni jinsi mwendokasi unavyobadilika kila sekunde. Kani hupimwa kwa nyutoni, na nyutoni moja ndiyo kani inayobadilisha mwendokasi wa kilo moja kwa mita moja kwa sekunde, kila sekunde. Ukitaka kuihisi mkononi, shika kitu cha gramu 100. Kinakukandamiza kwa karibu nyutoni moja.

Turudi kwenye lami. Tuseme kijana anasukuma kwa nyutoni 150, na barabara inayavuta magurudumu nyuma kwa nyutoni 100. Zinazobaki ni 50. Gawanya kwa kilo 200, unapata mchapuko wa mita 0.25 kwa sekunde, kila sekunde. Baada ya sekunde nne mkokoteni unakwenda mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu.

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kijana ameridhika na mwendo huo, hataki kukimbia na mchele wa watu. Anapunguza msukumo kutoka nyutoni 150 hadi 100. Sasa mbele ni 100 na nyuma ni 100, na jumla ni sifuri. Je, mkokoteni unasimama? Ukiuliza darasa, mikono mingi itasema ndiyo. Hausimami. Jumla ya kani ikiwa sifuri, mchapuko ni sifuri, yaani mwendokasi haubadiliki, na mwendokasi uliokuwapo ni mita moja kwa sekunde. Utaendelea hivyohivyo mpaka mmoja wa hao wawili wanaovutana abadilike. Akiachia mpini kabisa, inabaki barabara peke yake na nyutoni zake 100. Mkokoteni unapoteza nusu mita kwa sekunde katika kila sekunde, na unasimama baada ya sekunde mbili, ukiwa umesogea mita moja tu. Jasho lote la kijana njiani lilikuwa la kuilipa barabara. Tangu mkokoteni ulipofikia kasi hiyo, hakuna kani yake iliyozidi kwa ajili ya mwendo wenyewe.

Kuhusu tungamo na uzito nitasema kidogo, kwa sababu jambo hili lilishaonyeshwa mbele ya kamera. Uzito ni kani ambayo Dunia hukivutia kitu, karibu nyutoni 9.8 kwa kila kilo. Kitu chenye tungamo mara mbili huvutwa mara mbili, lakini ukaidi wake pia ni mara mbili, kwa hiyo mchapuko wa kuanguka hutoka uleule. Hewa ndiyo inayotuficha ukweli huu tunapoangusha jiwe na unyoya. Mwezini hakuna hewa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya wa ndege kwa wakati mmoja, na vyote viwili viligusa vumbi la Mwezi pamoja.

Sasa kanuni ya tatu, inayokaririwa kuliko zote na kueleweka kidogo kuliko zote. Kitu kimoja kikikisukuma kingine, hicho kingine nacho hukisukuma cha kwanza kwa kani iliyo sawa, upande wa kinyume. Mwanafunzi makini hapa hunyanyua mkono na kuuliza swali ambalo ningempa zawadi kwa kuliuliza. Kama kijana anausukuma mkokoteni kwa nyutoni 150, na mkokoteni unamsukuma yeye nyuma kwa nyutoni 150, kani hizo si zinafutana? Inawezekanaje chochote kisogee?

Zinafutana tu ukizijumlisha, na huna ruhusa ya kuzijumlisha. Moja inaupata mkokoteni na nyingine inampata kijana. Mkokoteni haujali kijana amesukumwa vipi. Kanuni ya pili inadai uchague kitu kimoja, ukizungushie mstari kichwani mwako, kisha uhesabu kani zinazokipata hicho tu. Nadhani tungewafundisha watoto mazoea haya kwanza, wiki nzima bila hesabu yoyote: hiki ni nini, na nani anakigusa? Gunia lililo juu ya mkokoteni linavutwa chini na Dunia na kuinuliwa na mbao. Kani hizo mbili ni sawa na zina mielekeo kinyume, na vitabu vingi vya mazoezi huwaacha wanafunzi waamini kwamba hilo ni jozi ya kanuni ya tatu. Sivyo, kwa kuwa zote mbili zinalipata gunia lilelile. Mwenza wa mvuto wa Dunia kwa gunia ni mvuto wa gunia kwa Dunia. Naam, gunia la mchele linaivuta Dunia juu kwa nyutoni 490, ila Dunia ina ukaidi mkubwa mno kuonyesha badiliko.

Tumzungushie kijana mstari basi. Mkokoteni unamrudisha nyuma kwa 150, na hata hivyo anasonga mbele kwa mchapuko uleule wa 0.25. Ana kilo 70, kwa hiyo jumla ya kani zinazompata lazima iwe nyutoni 17.5 kuelekea mbele. Nani anampa? Mikono yake haiwezi kumsukuma yeye mwenyewe. Kingine kinachomgusa ni barabara, chini ya nyayo. Miguu yake inaisukuma lami nyuma, na lami inamsukuma mbele kwa nyutoni 167.5. Toa 150, zinabaki 17.5. Hesabu imekaa.

Sasa panua mstari, umzungushie kijana na mkokoteni pamoja. Mikono na mpini viko ndani, kani zao zimekuwa mambo ya ndani na hazihesabiki. Nje imebaki barabara tu. Inayasukuma magurudumu nyuma kwa 100 na nyayo mbele kwa 167.5. Tofauti ni 67.5, igawe kwa kilo 270, na unapata 0.25 ileile. Anayeuharakisha msafara huu kutoka nje ni barabara, na msuguano, ambao tuliuona kama adui wa mwendo, ndio unaouwezesha. Mvua ikinyesha na njia ikawa tope telezi, mguu ukapata, tuseme, nyutoni 70 tu kabla ya kuteleza, misuli ya kijana itabaki na nguvu zilezile na mkokoteni hautasogea. Ndiyo maana watu humwaga kokoto au mchanga mahali penye tope kabla ya kuita watu zaidi wa kusukuma.

Na pasipo na barabara? Januari 1920 gazeti la New York Times lilimkosoa mtafiti wa Marekani Robert Goddard, likidai roketi haiwezi kwenda katika ombwe la anga kwa kuwa huko hakuna cha kusukumana nacho. Lilisahihisha kauli hiyo tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuruka. Roketi haisukumi hewa iliyo nyuma yake. Inasukuma gesi zake yenyewe, zilizotoka katika mafuta iliyoyabeba, na gesi hizo zinaisukuma. Hewa huizuia tu.

Pwani yetu imeshuhudia hilo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi, timu ya Waitaliano ilirusha roketi ya Marekani aina ya Scout iliyobeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za anga. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Mahali palichaguliwa kwa busara. Karibu na ikweta, ardhi na bahari vinazunguka kuelekea mashariki kwa mita zipatazo 460 kwa sekunde. Roketi iliyosimama jukwaani tayari ina mwendo huo, na kwa kanuni ya kwanza haiupotezi inapoachana na jukwaa.

Uhuru ilipofika kilomita zipatazo 540 juu, injini zilikuwa zimezimika. Tangu hapo hakuna aliyeisukuma. Kani kubwa iliyobaki ni mvuto wa Dunia, ambao haujaisha huko juu kama wengi wanavyodhani. Umepungua kutoka nyutoni 9.8 kwa kila kilo hadi karibu 8.3. Kani hiyo haikuiongezea Uhuru kasi. Iliupinda mwelekeo wake. Katika sekunde moja setilaiti ilisafiri kilomita 7.6 hivi, na katika sekunde hiyohiyo ilianguka mita 4.2 kutoka kwenye mstari ulionyooka. Lakini ukienda kilomita 7.6 katika kimo hicho, mviringo wa Dunia nao umeshaondoka chini yako kwa mita 4.2. Kwa hiyo ilianguka muda wote bila kukaribia ardhi, ikiizunguka Dunia yetu kila baada ya dakika 96 hivi. Orodha ya mwisho iliyotokana na vipimo vyake ina vyanzo 339 vya eksirei. Kilichoirudisha chini mwaka 1979 ni msuguano wa hewa nyembamba sana iliyosalia hata katika kimo kile.