Saa za Kazi Nazo ni Kipimo

Kurani Tukufu ina sura iitwayo Al-Mutaffifin, yaani Wapunjao. Humo wanaonywa wale ambao wakipokea hutaka kipimo kitimie, bali wakiwapimia wengine hupunguza. Baadhi ya watu hudhani kwamba onyo hili lawahusu wenye maduka tu. Sivyo, saa za kazi nazo ni kipimo.

Wakata mkonge wa Tanga na Korogwe zama za ukoloni walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Mshahara ulingoja mpaka siku zote zitimie. Aliyefanya siku 29 alikuwa bado akingoja. Lakini Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka.

Sheria ya Ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 nayo imeweka mizani. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Saa za ziada zifanywe kwa makubaliano, na kila moja ilipwe si chini ya mara moja na nusu.

Je, mfanyakazi akidai haki hiyo amekosa adabu? La, hasha! Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshindani wa mtu aliyepata kazi kamili kisha asimlipe aliyeifanya.

Na anayelipwa saa 9 akafanya 7 naye ajichunguze, kwani mizani ni ile ile.