Kwa Nini Mtu Hujitolea? Funzo kutoka Ukerewe

Neno "kujitolea" limetumiwa mno katika shule zetu hata limepungua uzito. Mwalimu hutangaza kwamba leo darasa litajitolea kufyeka uwanja, kisha akaita majina ili amjue asiyefika. Kazi ya namna hiyo yaweza kuwa ya haki kabisa, lakini ni kazi ya lazima. Katika makala haya, kujitolea ni kazi ambayo mtu ameichagua kwa hiari, kwa manufaa ya wengine, bila kudai ujira, naye akaendelea nayo kwa muda.

Sharti hilo la muda lastahili kuangaliwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, na watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Wenye mitumbwi waliokuwa karibu waliingia ziwani kuokoa bila kungoja amri. Huo ni ushujaa unaozaliwa na mshtuko wa saa ileile. Lakini mtu anayeacha shughuli zake kila juma, mwezi baada ya mwezi, ili awahudumie wengine, husukumwa na mambo mengine, nayo hayaonekani kwa urahisi.

Wilaya hiyohiyo yatupatia mfano. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwishoni mwa mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alizitaja wilaya sita, Ukerewe ikiwamo, zilizotakiwa kufuta ujinga kabla ya mwaka 1971 kwisha. Mwanza ilikuwa tayari makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO kuanzia mwaka 1968, ambao vitabu vyake vilifundisha kusoma pamoja na kilimo cha pamba na migomba, na uvuvi pia. Walimu wa shule hawakutosha kwa kazi kubwa namna hiyo. Wakaitwa vijana waliomaliza darasa la saba, na wakulima waliojua kusoma. Hao waliitwa walimu wa kujitolea, nao walipewa kifuta jasho cha shilingi 30 kwa mwezi.

Ni nini kiliwavuta? Hapana shaka wako walioamini kwa dhati kwamba taifa changa halingeweza kusimama juu ya ujinga. Hata hivyo, imani peke yake haielezi yote. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, E. Gil Clary na Mark Snyder pamoja na wenzao, walieleza haja sita ambazo kujitolea huweza kuzitimiza: kuishi kwa kufuata imani ya mtu, kujifunza, kuungana na wenzake, kujiandaa kwa kazi, kupunguza majonzi au lawama ya nafsi, na kujiona mwenye thamani.

Mfikirie basi kijana aliyemaliza darasa la saba asipate nafasi ya sekondari. Kijijini anatazamwa kama mtu aliyeshindwa. Jioni moja anasimama mbele ya wazee wa rika la baba yake, ameshika chaki, nao wanamwita "mwalimu". Shilingi 30 ni kitu kidogo mbele ya neno hilo. Vilevile anarudia aliyojifunza yasimpotee, na huenda anatumaini kwamba siku moja atafikiriwa kwa ajira. Haja tatu au nne zimekutana katika mtu mmoja, wala hapana sababu ya kumwona mnafiki.

Watu wengi hudhani kwamba anayejitolea kwa faida yake mwenyewe huchoka upesi. Mwaka 1995 Allen Omoto na Mark Snyder waliwachunguza watu waliojitolea kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI huko Marekani, wakakuta kinyume chake: waliokuwa na haja zao binafsi, kama kujifunza na kujijenga, ndio waliodumu zaidi. Hata katika kampeni yetu wengi waliacha kifuta jasho kilipochelewa. Kwa maoni yangu kilichowaumiza zaidi ni kuona kwamba wamesahauliwa, kwa maana fedha ile, ndogo kama ilivyokuwa, ilikuwa ishara ya shukrani.

Wasukuma walilijua jambo hili kabla ya vitabu. Katika bugobogobo wakulima huinua majembe kwa mapigo ya ngoma, na uchovu wa mmoja hubebwa na wimbo wa wote.

Suala hili lawahusu wanachuo moja kwa moja, kwani wahitimu wengi wa ualimu siku hizi hufundisha kwa kujitolea wakingoja ajira. Tumaini la ajira si aibu. Aibu ni ya shule inayompa mhitimu vipindi ambavyo wengine hawavitaki, isimwalike katika vikao vya walimu, kisha ikashangaa akiondoka.

Katika mazoezi ya kufundisha, jaribu hili. Tangaza kazi moja, kwa mfano wanafunzi wa darasa la sita kuwasaidia wa darasa la pili wasiojua kusoma, nawe usiite majina wala usimnunie asiyekuja. Andika waliofika juma la kwanza na waliobaki juma la nne. Zungumza na kila mmoja peke yake, ukimwuliza kwanza kilichomleta, kisha kilichomfanya arudi. Linganisha majibu hayo mawili kabla ya kuchagua kazi ya pili.