Mafunzo Niliyopata Nikiswaga Ng'ombe na Mshindani Wangu

Kijana unayetaka kufanya biashara na rafiki, utakuja kuoa pia, na mambo hayo mawili yana tabia ya kugongana. Yangu yaligongana miaka ya 1970. Mimi na mwenzangu tulikuwa tukinunua mafahali Kilgoris, kwa Wamaasai, na kuwaswaga kwa miguu hadi soko la Keroka. Siku hizi mpaka wa Kisii na Nyamira unapita hapo Keroka. Wakati ule kote kulikuwa wilaya moja ya Kisii.

1. Mwenzako mpime usiku wa mvua

Sokoni kila mtu ni mwaminifu, maana watu wanatazama. Usiku mmoja karibu na Nyangusu, fahali wangu alikata kamba akaingia kwenye mahindi ya watu. Mwenye shamba akatoka na tochi na panga. Mimi nilijibanza gizani nikajifanya nahesabu waliobaki. Mwenzangu ndiye aliyemwendea yule mzee, akamwita omogaka kwa adabu zote, wakakagua pamoja mstari kwa mstari mahindi yaliyokanyagwa, kisha akalipa kutoka mfuko wake. Fahali hakuwa wake. Wala hakunidai mpaka tulipouza.

Babu yangu hakushangaa nilipomsimulia. Zamani vijana wa Kigusii walilala kwenye ebisarate, kambi za ng'ombe mbali na nyumbani, wakilinda mifugo isiporwe, mpaka Waingereza walipozivunja mwaka 1912. Huko, alisema babu, ulijua mapema nani atakuamsha adui akija na nani atatoroka kimyakimya. Hakuniuliza mimi ningekuwa yupi. Nilishukuru.

2. Sinema isikufundishe kuposa

Gari la sinema lilipokuja, shuka nyeupe ilitundikwa na kijiji kizima kikakaa nyasini. Hapo ndipo nilipomwona Franco Nero katika *Django*, filamu ya mwaka 1966, akiburuta jeneza matopeni. Basi nikaanza kutembea miguu imepanuka kama mtu aliyeshuka farasi sasa hivi. Matope tulikuwa nayo tele. Farasi hatukuwa naye. Tulikuwa na gambuti, fimbo, na kibali cha daktari wa mifugo kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe.

Lililoniingia zaidi ni imani kwamba wanaume wawili wakimpenda mwanamke mmoja, shauri ni lao wawili. Kwetu shauri hilo lina baba, kaka, shangazi na zizi zima.

3. Ukitumwa posa, sema ulichotumwa

Mwenzangu alimpenda binti wa Nyansiongo, kwenye mashamba ya Borabu yaliyogawiwa wenyeji baada ya uhuru, ambako watu walifuga ng'ombe wa gredi na kututazama sisi wa mafahali wa kienyeji kwa huruma. Akaniomba niwe esigani, mshenga. Nilikubali kwa moyo safi. Kisha binti akaleta maziwa lala na ugali wa wimbi, akanitazama, na moyo ukaanza kupata uchafu.

Nilianza kumsifu mwenzangu: mchapakazi, mpole, mwenye akili ya biashara. Kila sifa ilipotoka iliegemea upande wangu kidogo. Baba wa binti alisikiliza mpaka mwisho, akafuta midomo, akauliza, "Na huyo unayemsema, naye ana pengo la jino kama lako?"

Kama umempenda yule unayetumwa kumposea, rudi umwambie aliyekutuma usiku huohuo, kabla hujanywa maziwa ya watu mara ya pili. Mimi niliyanywa mara nyingi.

4. Jua ng'ombe wako wanatoka wapi

Mwenzangu aligundua, na kwa muda tuliswaga ng'ombe mmoja mbele mmoja nyuma bila kusemezana. Kilichonichoma si hasira yake. Dada yake alikuwa ameolewa, na kwa desturi yetu ng'ombe wa mahari ya dada ndio humwoza kaka. Wake walikuwa tayari zizini. Kwetu tulizaliwa wavulana watupu. Kwa hiyo nikaamua mtaji wa biashara ndio mahari yangu, nikanunua mafahali wengi kupita kiasi, na papo hapo ikapigwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Soko likafungwa. Mafahali wakabaki Kilgoris, nami nalipa mchungaji kila wiki kwa ng'ombe nisioweza kuwasogeza. Mtaji wa biashara usiwe na kazi nyingine.

5. Muulize mwenyewe

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, na halikupaswa kunishangaza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wengi wa Kigusii walikuwa wakitoroshana kwanza, ng'ombe wakifuata baadaye au wasifuate kabisa. Sisi wawili tulikuwa tukishindana kwa hesabu ya zizi. Binti aliondoka na dereva wa lori la maziwa.

Habari ilitufikia Keroka kupitia kwa dalali, aliyeisimulia huku akikagua meno ya fahali. Mwenzangu alicheka kwanza. Nilimfuata, kwa shida. Karantini ilipoondolewa alikwenda nami Kilgoris kuwaleta wale mafahali, tukauza kwa hasara, tukaendelea na biashara miaka mingi. Alipotaka kuposa tena, alimtuma shangazi yake.