SOMO: Gari likikataa kubadilisha gia, tusikimbilie kununua giaboksi



Kikundi kimoja cha akina mama wa samaki hapa Kisumu kilinunua gari la otomatiki kwa pesa za chama. Siku moja gari likang'ang'ania gia moja. Fundi akaunganisha mashine ya kusoma makosa, ikaonyesha namba P0725. Akasema, "Mama, giaboksi imeenda. Tafuteni ingine." Walikuwa tayari kugusa akiba ya karo za watoto. Mmoja wao akauliza, "Hiyo namba yenyewe inasema nini?" Swali hilo ndilo somo letu.

Namba inasema nini?

P0725 inasema kompyuta ya gari haipati vizuri ishara ya kasi ya injini. Haisemi kwamba giaboksi imevunjika. Kompyuta hulinganisha kasi ya injini na kasi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi, ndipo iamue gia na presha ya oili. Ikikosa habari hiyo, hujilinda: hubaki gia moja, au hubadilisha kwa kishindo. Ni kama dereva wa matatu asiyesikia konda akigonga bodi. Gari ni zima, lakini hajui lini asimame wala lini aondoke.

Hatua za kufuata pamoja na fundi

1. Andikeni namba zote kabla ya kuzifuta. Kama P0335 ipo pia, anzeni na sensa ya krenki.

2. Tazameni mshale wa mizunguko ya injini. Ukianguka sifuri na injini bado inanguruma, ishara inapotea.

3. Pimeni betri. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6. Waya wa ethi uwe umekazwa.

4. Zimeni gari, mchomoe plagi ya sensa. Tafuteni maji, kutu na pini iliyopinda. Hapa kwetu magari mengine huoshwa ufuoni, na mafuriko ya Nyando hufunika barabara. Maji yakiingia kwenye plagi, kutu hufuata.

5. Tenganisheni betri, mpime waya kutoka sensa hadi kompyuta huku mkiutikisa. Kipimo kiwe karibu omu sifuri. Kikirukaruka, waya umekatika ndani.

6. Waya ukiwa mzima, ndipo mpime sensa kwa vipimo vya kitabu cha gari hilo.

7. Futeni namba, endesheni gari, msome tena.

Angalieni pia oili ya giaboksi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, basi huenda giaboksi kweli ni mgonjwa.

Wale akina mama walikuta plagi imeota kutu ya kijani. Ilisafishwa, gari likarudi kazini, na karo ikalipwa. Fundi si adui yetu. Lakini pesa za chama ni jasho la wengi, na kuuliza si kumkosea mtu heshima.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo

- Kabla ya kulipa fundi, sisi huuliza nini?
- Nani kati yetu anaandika matengenezo yote ya gari letu?