Kosa Lina Kanuni Yake: Juu ya Kumsaidia Mwanafunzi Hesabu za Nyumbani

Mwanafunzi anapokwama katika hesabu alizopewa kufanya nyumbani, aghalabu hupata msaada wa aina mbili. Aina ya kwanza ni kupewa jibu: dada yake au mwenzake wa darasa humwachia daftari anakili, au, kama ilivyo siku hizi, hulipiga swali picha kwa simu, nayo simu ikamtolea jibu pamoja na hatua zake. Aina ya pili ni kuelezwa njia upya tangu mwanzo, ila kwa sauti kubwa zaidi. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba misaada yote miwili huacha kando jambo lililo muhimu kuliko yote, yaani lile kosa lenyewe: limezaliwaje, na linafuata kanuni gani.

Tuanze na kutoa. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyeleta kazi hii:

74 − 21 = 53
62 − 38 = 36
95 − 40 = 55
503 − 247 = 344

Mwalimu mwenye rundo la madaftari mbele yake atatia vema mbili na kosa mbili, na yamkini ataandika chini yake "Acha uzembe". Lakini mwanafunzi huyu si mzembe hata kidogo. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo katika tarakimu kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Katika swali la pili, 8 toa 2 ni 6, na 6 toa 3 ni 3. Pale ambapo tarakimu za juu ndizo kubwa, kanuni yake humpa jibu sahihi, na kila vema anayotiwa humhakikishia kwamba kanuni hiyo ni njema. Ukishaijua, waweza kubashiri jibu lake la 81 − 27 kabla hajashika kalamu: ataandika 66.

Sasa tumtazame mwenzake, ambaye kwa swali lile la mwisho ameandika 356. Huyu anajua kukopa. Alipokuta 0 katika nafasi ya makumi aliigeuza kuwa 9, kama ipasavyo, ila hakuipunguza ile 5 ya mamia. Jibu sahihi ni 256, naye amezidisha 100 kamili. Wanafunzi hawa wamekosa swali moja, hali dawa zao ni mbili tofauti. Wa kwanza hajapata maana ya thamani ya nafasi. Kwake tarakimu ni tarakimu tu, popote zilipo. Wa pili anahitaji kuulizwa swali moja fupi: "Makumi haya 9 umeyatoa wapi?" Kumweleza huyu wa pili kutoa tangu mwanzo ni kumpotezea jioni yake.

Haya si mawazo matupu. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya makosa ya kutoa. Walitumia programu ya kompyuta kuchambua majibu ya watoto zaidi ya elfu moja wa Nikaragua, wakaona kwamba makosa mengi hayakuwa ya kubahatisha. Mtoto alikuwa akifuata kwa uaminifu utaratibu wenye hitilafu katika hatua moja au mbili. Ni jambo la kusikitisha kufikiri ni watoto wangapi wamechapwa viboko kwa sababu ya uaminifu wa namna hiyo.

Msaada wa hesabu si lazima utoke kwa aliyesoma sana. Mwenye duka akipewa noti za shilingi 5,000 kwa bidhaa ya shilingi 2,400, haandiki safu wala hakopi. Hupanda kutoka chini: 2,400 na 600 ni 3,000, na 2,000 ni 5,000, chenji ni 2,600. Kwa njia hiyohiyo, kutoka 247 hadi 250 ni 3, hadi 500 ni 250, hadi 503 ni 3, jumla 256. Mzazi asiyejua kukopa kwa maandishi anaweza kabisa kumwonyesha mwanawe kwamba 344 haliwezi kuwa jibu. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Brazili, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walieleza habari za watoto 5 waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani katika mji wa Recife. Sokoni watoto hao walipata asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa. Walipopewa hesabu za aina hiyohiyo kwenye karatasi, kama za darasani, walipata asilimia 37. Akili ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kalamu na kanuni zisizoshikamana na kitu.

Tuje kwenye sehemu, ambazo ndizo huwatesa wengi mpaka vyuoni. Mwanafunzi anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Kabla ya kumcheka, na tujiulize ameipata wapi kanuni hii. Ikiwa katika zoezi la kwanza amepata swali 1 kati ya 2, na katika la pili swali 1 kati ya 3, basi kwa jumla amepata maswali 2 kati ya 5, na hakuna mwalimu atakayempinga. Kanuni yake ni sahihi kwa alama za mazoezi, kwa kuwa hapo tunachanganya mafungu mawili yasiyolingana. Haifai kwa nusu na theluthi za kitu kimoja. Mwambie alinganishe: 2/5 ni ndogo kuliko 1/2 aliyoanza nayo. Ameongeza, kikapungua!

Hapo Kiswahili chetu kinatufaa. Aliyepata kusikia mirathi ikigawanywa kwa sheria ya Kiislamu anazijua thumuni na sudusi kama vitu vyenye majina. Nusu ni sudusi tatu. Theluthi ni sudusi mbili. Sudusi tatu na sudusi mbili ni sudusi tano, kama ambavyo machungwa matatu na mawili ni matano. Asili ni jina la kitu, kiasi ni idadi yake, na majina hayajumlishwi.

Kosa hili lisipong'olewa husafiri. Mwanafunzi wa fizikia anapewa waya mbili zenye ukinzani wa omu 2 na omu 3, zimeunganishwa sambamba. Kinyume cha ukinzani wa jumla ni 1/2 + 1/3, yaani 5/6, na ukinzani ni omu 1.2. Mwenye kanuni ya zamani atapata 2/5, na ukinzani wa omu 2.5, ambao ni mkubwa kuliko wa waya mojawapo peke yake, jambo lisilowezekana. Mwalimu wa fizikia atadhani kijana haelewi umeme.

Basi, ndugu mwanafunzi, unapokwenda kuomba msaada peleka kazi yako, usipeleke swali peke yake. Usifute ulichokosea, kukifuta ni sawa na mgonjwa kwenda kwa tabibu akiwa ameficha jeraha. Nawe mwenye kusaidia, uliza "Umefanyaje?" kabla ya kusema lolote, na uulize hivyo hata kwa majibu sahihi, maana yule wa kwanza hapo juu alipata mawili kwa kanuni mbovu. George Pólya, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu kutatua mafumbo ya hisabati, aliweka kulielewa swali kuwa hatua ya kwanza na kulitazama tena jibu kuwa ya mwisho. Hizo ndizo mbili ambazo mwenye kunakili huziruka. Kwa wanafunzi wa sekondari hapa Tanzania, wanaosoma hisabati kwa Kiingereza baada ya miaka ya shule ya msingi kwa Kiswahili, hatua ya kwanza ina uzito maradufu. Mwambie alisimulie swali kwa Kiswahili. Huenda hesabu anaiweza, lugha ndiyo iliyomkwamisha.

Kwa zoezi la wasomaji, hii hapa kazi ya mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza:

7 − 4 = 3
−3 − 5 = 8
−4 + 1 = −3
−2 − 6 = 8

Tafuta kanuni anayoifuata. Ataandika jibu gani kwa −9 − 2? Kanuni hiyo aliipokea katika tendo gani la hesabu, ambako ni sahihi kabisa? Kisha tunga swali moja, la deni la dukani ukipenda, ambalo litamfanya aione hitilafu yake mwenyewe bila wewe kumtajia jibu.