SOMO LA WIKI: Shahada ipi kwa mtafuta mitaji?

Mwaka 2017 Benki Kuu iliifutia leseni Mbinga Community Bank kwa upungufu wa mtaji. Kahawa ya Umatengo ilikuwepo. Mtaji wa benki ndio uliopungua. Kuyatafutia makampuni mitaji kwa kuuza hisa na hati fungani ndiyo kazi ya benki ya uwekezaji.

Kijana wa Mbinga au Mbamba Bay anayeitaka kazi hiyo asome nini? Uzamili wa uongozi wa biashara (MBA) humfaa aliyekwishafanya kazi. Uzamili wa fedha humfaa anayetaka kuthamini kampuni na kupima hatari. Lakini shahada pekee haitoshi: anayeshauri kuhusu hisa huhitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kabla ya kulipa ada, aulize: je, kozi inafundisha kusoma mizania?